Kipepeo mdogo wa buluu kwenye nyasi: ukishindwa kumtambua, anzia hapa

Picha za vipepeo wadogo wa buluu zinazoombewa jina hufanana sana. Kipepeo kapigwa kutoka juu, mabawa yako wazi, buluu imekolea, na chini yake swali: "Huyu ni nani?" Mara nyingi jibu la kweli ni kwamba picha hiyo haitoshi. Simu inaweza kuwa nzuri na mkono ukawa umetulia, lakini upande uliopigwa hauna ushahidi. Kwa vipepeo hawa, rangi ya buluu ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Kitambulisho chao kiko upande wa chini wa mabawa, kwenye madoa.

Tunayemtafuta hapa ni Zizeeria knysna, wa familia ya Lycaenidae. Roland Trimen ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka 1862, na jina linatokana na Knysna, mji ulio pwani ya kusini ya Afrika Kusini. Anaishi karibu Afrika nzima, na amefika hadi kusini mwa Hispania na Ureno. Hupenda mahali pa wazi palipochezewa na watu: nyasi fupi, kando ya njia, bustani za mboga, viwanja, mashamba yaliyovunwa. Huruka chini chini, kwa mwendo wa kusitasita, na hatui mbali na alipoanzia.

Mabawa yakinyooshwa, dume ana milimita 18 hadi 23 kutoka ncha hadi ncha, na jike 21 hadi 26. Akifunga mabawa, mwili mzima unafichika nyuma ya ukucha wa kidole gumba. Dume kwa juu ni buluu inayoelekea zambarau, na ukingo mpana wa kahawia iliyoiva. Jike ni kahawia karibu yote, pengine na vumbi la buluu karibu na mwili. Wote wawili hawana mkia kwenye bawa la nyuma. Chini ni kijivu kinachoelekea kahawia, na madoa madogo yaliyoiva, kila doa likiwa na duara jembamba jeupe pembeni yake.

Kabla ya kusoma dalili zinazofuata, hakikisha una vitu vitatu: picha ya upande wa chini wa mabawa, picha ya upande wa juu kama imewezekana, na jina au picha ya mmea aliokuwa juu yake. Ukikosa kimoja, anza na cha kwanza.

Dalili: akiruka ni wa buluu, akitua ni wa kijivu

Hili ndilo lalamiko linalojirudia kuliko yote. Mtu anamfuata kipepeo wa buluu, anafika alipotua, anakuta kidudu cha rangi ya vumbi, anaondoka akiamini amempoteza.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi, ni kwamba huyo wa kijivu ndiye yule yule. Akitua hufunga mabawa, na kinachobaki nje ni upande wa chini. Hakuna cha kurekebisha. Chuchumaa, kaa kimya, na uhakikishe kivuli chako hakimwangukii, maana kivuli kikimpita tu ameondoka. Jua likimpata vizuri, hasa asubuhi kabla joto halijapanda, atafungua mabawa nusu na kuliota. Lakini usikimbilie kungoja buluu. Hapo alipofunga mabawa ndipo picha muhimu ilipo: piga kwanza, buluu baadaye.

Sababu ya pili: kweli umempoteza, na uliyemkuta ni mwingine. Penye nyasi fupi wanaweza kuwa wengi, na madume hukimbizana hewani wakazunguka wawili wawili. Ukimwandama mmoja kwa macho, wanabadilishana bila wewe kujua. Tulia mahali pamoja. Watakujia.

Sababu ya tatu haitokei sana: aliyekuwa hewani ni wa jenasi nyingine kabisa, yaani kundi jingine la spishi ndugu. Wale wa Azanus, kwa mfano, huzunguka vilele vya migunga na kushuka kwenye matope kunywa maji. Ukimwona wa buluu akipanda juu ya miti na kushuka, usitegemee kwamba ni knysna. Huyu wetu ni wa chini.

Tahadhari ndogo kwa wanaopiga magoti: kiwavi wa knysna hula mbigili, na penye mbigili pana miiba yake. Angalia kabla ya kuweka goti au kiwiko.

Dalili: mabawa yamefunguka, lakini buluu haipo

Kwanza fikiria jike. Watu wengi hupita majike bila kuwapa jina kwa sababu wanatafuta kitu cha buluu, ilhali nusu ya spishi hii ni ya kahawia. Mtazame alivyo na shughuli. Jike anayetaga hutembea juu ya mmea mmoja, anakunja ncha ya tumbo, anabandika yai moja, kisha anahamia jani jingine au tawi jingine. Ukimwona akifanya hivyo kwenye mchicha au mbigili, umekaribia sana jibu.

Pili, uchakavu. Rangi yote ya kipepeo iko kwenye magamba madogo yaliyopangwa juu ya bawa, na magamba hung'oka kwa kila siku ya kuruka, kugusana na majani na kuponyoka midomo ya mijusi. Dume aliyezeeka hubaki na madoa ya buluu yaliyokwaruzika katikati ya kahawia. Namna ya kumpima ni rahisi: angalia manyoya ya ukingoni mwa bawa. Kama ukingo umekamilika, umelainika na hauna mapengo, kipepeo ni mpya na kahawia hiyo ni rangi yake halisi. Kama ukingo umeliwa na ncha zimechanika, usiamini rangi yoyote unayoiona juu. Nenda chini, kwa sababu madoa huonekana hata kwa mzee.

Tatu, msimu. Waliotoka wakati wa kiangazi mara nyingi huwa wepesi wa rangi upande wa chini, madoa yao yamefifia, na majike yao yanaweza kuwa na buluu zaidi juu kuliko ya wakati wa mvua. Andika tarehe ya picha. Bila tarehe, tofauti ya msimu itaonekana kama tofauti ya spishi.

Nne, huenda si yeye. Majike ya jamaa zake wengi ni ya kahawia pia, na hapo ndipo safari ya kwenda kwenye madoa inapokuwa ya lazima.

Kuna na la ajabu ambalo pengine utaliona mara moja katika maisha: kipepeo mwenye bawa moja la dume na jingine la jike, buluu upande mmoja na kahawia upande wa pili, mpaka umenyooka katikati ya mwili. Si ugonjwa wala si uchafu wa lenzi. Ni kipepeo ambaye seli zake za upande mmoja ni za dume na za upande wa pili ni za jike. Ukimpata, piga picha nyingi kadiri uwezavyo, kwa sababu wataalamu watakushukuru.

Dalili: kipepeo mmoja, picha mbili, buluu mbili

Katika picha ya kwanza ni zambarau, ya pili ni kijivu cha fedha, ya tatu haina rangi. Wengi huilaumu kamera. Kamera ina mchango wake, lakini chanzo kikubwa ni kipepeo mwenyewe.

Buluu hii haitokani na rangi iliyopakwa ndani ya gamba kama ilivyo rangi ya jani. Inatokana na umbo la gamba: tabaka nyembamba mno za dutu ngumu na hewa zilizopangwa kwa vipimo vinavyorudisha mwanga wa buluu na kuuacha mwingine upotee. Chini yake kuna melanini nyeusi inayokula mwanga uliobaki. Kwa hiyo buluu unayoiona inategemea mwanga umeingia kwa pembe gani na jicho lako liko wapi. Geuza pembe, rangi inageuka. Ukilowesha bawa la kipepeo mkavu wa makumbusho kwa pombe, nafasi za hewa hujaa na rangi hubadilika, kisha hurudi pombe ikikauka.

Hatua rahisi: jua likae nyuma yako au ubavuni, usitumie flashi, na upige picha kadhaa ukisogea kidogo kidogo. Kama simu inapandisha mwanga kupita kiasi kwa sababu nyasi za pembeni ni nyeusi, gusa kioo pale penye kipepeo na ushushe mwanga kidogo. Kwa wenye kamera, kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi husaidia, maana shina la nyasi halitulii. Baada ya hapo usijaribu kusahihisha buluu kwa programu za kuhariri. Utaipendezesha picha, lakini hutapata ushahidi mpya.

Dalili: sina hakika kama ana mkia

Swali la mkia ni zuri kwa sababu linapunguza orodha kwa kasi. Knysna hana mkia. Kama unaona uzi mwembamba unaotoka ukingoni mwa bawa la nyuma, huyo si yeye.

Anayewachanganya watu zaidi ni Lampides boeticus, kipepeo wa mikunde, aliyeenea kutoka Afrika na Ulaya hadi Australia. Ni mkubwa kidogo, anaruka kwa nguvu, na upande wake wa chini hauna madoa ya duara bali mawimbi ya kahawia na nyeupe, na mkanda mpana mweupe ukipita kwenye bawa la nyuma. Karibu na mkia ana madoa mawili meusi yenye rangi ya chungwa pembeni. Mtazame akiwa ametua: anasugua mabawa ya nyuma, moja likipanda jingine likishuka, na mikia inachezacheza kama vipapasio vya kichwa. Ndege au buibui anayerukia kichwa hicho cha uongo huambulia kipande cha bawa, kipepeo akaondoka na uhai wake.

Na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu aliyeponea hivyo anabaki bila mkia. Kama kona ya nyuma ya bawa imekatika, hasa mabawa yote mawili yakiwa yamekatika sawasawa, usiandike "hana mkia". Andika "mkia haujulikani", kisha tazama kama chini kuna mawimbi au madoa.

Kwa wale wa Anthene, kinachoonekana kama mikia ni vishungi vya nywele fupi vinavyochomoza ukingoni, viwili au vitatu kwa bawa. Navyo humwondoa knysna kwenye orodha.

Dalili: hana mkia, ni mdogo, ni wa nyasini, lakini madoa hayakubali

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa usiharakishe. Kuza picha ya upande wa chini hadi bawa la mbele lijae kwenye kioo. Tafuta doa refu lililo kama kistari katikati ya bawa. Hilo linafunga mwisho wa chumba cha kati, ile nafasi pana isiyokatwa na mishipa inayoanzia kwenye mwili. Ukilipata hilo, dira unayo.

Swali la kwanza: kati ya kistari hicho na mwili, ndani ya chumba cha kati, kuna doa jingine? Zizeeria knysna analo. Zizina antanossa, jamaa yake anayefanana naye kuliko wote, hana. Doa hilo moja limetatua mabishano mengi. Lakini tahadhari: kipepeo akitua, bawa la mbele hujificha nyuma ya bawa la nyuma, na doa likafunikwa. Kutoliona si sawa na kutokuwepo. Kama nusu ya chumba imefichwa, subiri ajisogeze, au piga tena anapokuwa anafyonza ua, kwa sababu hapo mara nyingi bawa la mbele hujitokeza zaidi.

Swali la pili, kwa ajili ya bawa la nyuma: ule mstari wa madoa unaopita nje ya katikati umepinda kwa utulivu, au kuna doa lililoruka kuingia ndani? Kwa knysna mpindo unakwenda vizuri. Kwa Zizina, doa la pili ukihesabu kutoka ukingo wa mbele limesogea kuelekea kwenye mwili, na mstari unaonekana kuvunjika pale. Ukishaliona mara moja, macho yatalikamata siku zote.

Swali la tatu: ukingo wa mbele kabisa wa bawa la mbele, juu ya chumba cha kati, una kidoa kidogo, pengine viwili? Kama ndiyo, na ndani ya chumba hakuna doa, mfikirie Zizula hylax. Huyu ni mwembamba wa mabawa, kijivu chake ni cheupe zaidi, vidoa vyake ni vidogo kama alama za kalamu, na kuruka kwake ni kwa unyonge, karibu anaelea kati ya mashina ya nyasi. Kiwavi wake hula mimea ya familia ya Acanthaceae, kama Ruellia na Justicia. Kwa hiyo penye kivuli kidogo na mimea hiyo ya maua ya zambarau, yeye ndiye wa kwanza kushukiwa.

Swali la nne ni la haraka: kuna rangi ya chungwa ukingoni mwa bawa la nyuma, ikizunguka madoa meusi yenye chembe zinazong'aa kama madini? Huyo ni Freyeria trochylus, mmoja wa vipepeo wadogo kabisa barani Afrika, kahawia juu, hana buluu hata akiwa dume. Mtu akimwona kwa lenzi ya kukuza hawezi kumsahau, na kumchanganya na knysna hutokea tu kwa picha zilizopigwa mbali.

Ikiwa majibu yote yanaelekea kwa knysna lakini doa moja limenyooka kuwa mstari, au limekosekana upande mmoja, usibadilishe jina kwa hilo peke yake. Madoa huchorwa wakati wa pupa, hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo, na joto au baridi isiyo ya kawaida katika siku hizo huweza kuyavuruga. Watafiti wa Japani wamelionyesha hilo kwa ndugu wa karibu, Pseudozizeeria maha: baridi katika hatua ya pupa hutoa vipepeo wenye madoa yaliyohama au kurefuka. Linganisha bawa la kushoto na la kulia. Hitilafu mara nyingi haiko sawa pande zote mbili.

Dalili: programu ya simu inatoa jina jipya kila nikijaribu

Sababu ya kawaida ni ile ile ya mwanzo wa makala haya: umeipa picha ya juu. Programu inaona buluu na kahawia, na spishi zenye buluu na kahawia ni mamia. Ipe picha ya chini, iliyokatwa ili kipepeo ajaze fremu, na utaona orodha inavyotulia.

Sababu ya pili ni eneo. Kama simu haijaruhusu programu kujua mahali, itachagua popote duniani. Ndiyo maana watu walioko Afrika huletewa Cupido minimus, kipepeo mdogo wa buluu wa Ulaya ambaye kiwavi wake hutegemea mmea mmoja wa malisho, Anthyllis vulneraria, na ambaye ndiye mdogo kuliko vipepeo wote wakazi wa Uingereza. Kwa chini naye ni kijivu chenye vidoa, kwa hiyo kosa linaeleweka. Wengine huletewa Pseudozizeeria maha wa Asia. Weka eneo kwa mkono, kisha usome ramani ya mtawanyiko wa kila jina linalopendekezwa. Jina ambalo bara lake si lako linahitaji ushahidi mzito sana.

Sababu ya tatu ni kwamba programu ina haki ya kusita. Jina la jenasi pekee ni jibu kamili pale ambapo picha haionyeshi zaidi. Naliona hili kama jambo la heshima kwa kipepeo: afadhali rekodi isemayo "Zizeeria au Zizina" kuliko jina kamili la uongo litakalochora nukta isiyo ya kweli kwenye ramani.

Dalili: ni mdogo kupita vipimo

Kiwavi aliyekosa chakula cha kutosha, kwa mfano mmea ulipokauka kabla hajamaliza kukua, hutoka kipepeo kibeti. Huyo ana madoa yote ya spishi yake, kwa udogo. Lakini kabla ya kufika huko, hakiki kipimo chenyewe. Macho hudanganya mno kwenye vitu vya milimita. Piga picha ya kipepeo akiwa juu ya jani, akiondoka pima jani lile kwa rula, kisha linganisha kwenye picha. Kama bado ni mdogo, rudi kwa Zizula na Freyeria.

Dalili: mistari kama ya pundamilia, mkia mmoja, na vitabu havikubaliani

Hapo uko kwa Leptotes, na hapa nakuomba usimame. Leptotes pirithous ana mawimbi ya kahawia na nyeupe, mkia, na madoa mawili karibu nao, ila hana ule mkanda mpana mweupe wa Lampides. Tatizo ni kwamba barani Afrika anaishi na ndugu zake, wakiwemo Leptotes babaulti, Leptotes brevidentatus na Leptotes jeanneli, ambao kwa nje hawatofautiki kwa uhakika. Kinachowatenganisha ni umbo la viungo vya uzazi vya dume, linaloonekana chini ya hadubini. Picha nzuri kiasi gani haiwezi kukusaidia. Andika "Leptotes" na uendelee na mengine.

Usijaribu uchunguzi huo nyumbani. Unahitaji kipepeo aliyekufa, na tumbo lake hulainishwa kwa haidroksaidi ya potasiamu, kemikali inayounguza ngozi na inayoweza kuharibu macho. Ni kazi ya maabara. Siku hizi wataalamu pia husoma kipande cha DNA kutoka kwenye mguu mmoja tu wa kipepeo, lakini hilo nalo ni la maabara. Tena, kukusanya wadudu ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa la kisheria katika nchi nyingi. Kama unadhani umepata kitu cha pekee, peleka picha na maelezo kwa idara ya wadudu ya makumbusho ya taifa au chuo kikuu, na uwaache wao waamue kama kuna haja ya kukamata.

Dalili: nimekuta kiwavi, sijui kama ni wake

Kiwavi wa knysna ni wa kijani, bapa, mfupi, kichwa kimefichwa chini ya mwili, na anatembea polepole mno. Umtafute upande wa chini wa majani ya mchicha au kwenye mbigili. Ukiona sisimizi wamemzunguka, usiwafukuze kwa haraka. Viwavi wengi wa familia hii wana tezi mgongoni, karibu na mkia, inayotoa tone tamu. Sisimizi humpapasa kwa vipapasio, tone linatoka, wanalinywa, na wakiwa pale maadui wa kiwavi husita kumkaribia. Tazama kwa dakika chache. Kama wanampapasa naye ametulia, hiyo ni biashara yao. Kama wanamvuta na anajipinda, wanamla.

Mashimo machache kwenye mchicha hayahitaji dawa. Huyu hali kiasi cha kuharibu bustani.

Kiwavi aliye ndani ya ganda la kunde, maharage au mbaazi ni habari nyingine. Akiwa mnene, bapa na mwenye kichwa kilichojificha, anaweza kuwa Lampides boeticus. Akiwa mrefu, mweupe wenye safu za madoa meusi, mwepesi kujipindapinda, na ameacha utando na kinyesi kwenye maua na maganda, ana sura ya Maruca vitrata, ambaye ni nondo na ni mharibifu mkubwa wa kunde. Usipulize dawa kwa kubahatisha. Chukua ganda lenye kiwavi ndani, litie kwenye chombo chenye mfuniko wa matundu, na umwonyeshe afisa ugani kabla ya kununua chochote.

Kama unataka jina kamili bila kumdhuru yeyote, mlee kiwavi huyo wa mchicha. Mpe majani mapya ya mmea ule ule kila siku, kavu, yasiyopuliziwa dawa, na uondoe kinyesi ili ukungu usiingie. Akishatoka na mabawa kukauka, hutulia kwa muda akiwa amefunga mabawa, magamba yote yapo, hakuna kilichofifia. Piga upande wa chini hapo hapo, kisha mpeleke ulikomtoa.

Picha ukiipeleka kwa mtaalamu, iandikie tarehe, mahali kwa usahihi uwezao, mwinuko kutoka usawa wa bahari kama unaujua, mmea, na alichokuwa akifanya kipepeo. Tuma picha halisi isiyokatwa pamoja na ile iliyokuzwa, na usizitume kupitia programu zinazozibana hadi zikapoteza ukali. Lile doa moja ndani ya chumba cha kati ndilo la kwanza kupotea.